Miksi ya chumbani: hedifoni, ukuta wa jirani na herufi h



Tangu tufanye kile kipindi cha maprodyuza wa chumbani, meseji zinazoingia zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: nimetunza hela kidogo, ninunue spika za studio au niendelee kumiksi na hedifoni? Mmoja wenu ameandika kwamba kaka yake anamcheka, eti prodyuza wa hedifoni ni kama mpishi anayeonja mboga kupitia simu. Kaka mtu ana mdomo, nimecheka kweli. Ila kakosea.

Jibu langu fupi: kama unaishi fleti ya Yeoville, Berea au Rosettenville, au kile chumba cha nyuma kwa wazazi, weka hela yako kwenye hedifoni nzuri na sahau spika kwa sasa. Jibu refu linataka tukae kidogo, kwa sababu hedifoni nayo inadanganya, na uongo wake mmoja unakigusa Kiswahili mahali pabaya.

Tuanze na chumba. Chukua futi upime kutoka ukuta ulio mbele ya meza yako hadi ukuta unaotazamana nao. Tuseme umepata mita 3.4, kipimo cha kawaida tu cha chumba cha kulala. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. (Na kabla hujauliza: hapana, Joburg kuwa juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari hakubadilishi hesabu hii. Mwendo wa sauti unafuata joto la hewa, haujali tuko mlimani.) Noti ya hezi 50, ambao ndio mtaa inakoishi logdramu ya amapiano, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 6.9. Nusu yake ni mita 3.4. Yaani chumba chako kimekatwa kwa kipimo cha noti hiyo hiyo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenyewe njiani. Karibu na kuta linavimba. Katikati ya chumba linajifuta.

Sasa fikiria maana yake. Umeweka kiti katikati ya chumba kama picha za studio zinavyoonyesha, unacheza biti yako kwenye spika mpya, unasikia besi haipo. Unaipandisha. Bado. Unaipandisha tena. Kisha unaenda kukaa kitandani, kitanda kiko ukutani, na besi inakupiga kifuani kama vile kuna mtu anahamisha kabati. Ipi ni kweli? Hamna iliyo kweli, zote mbili ni chumba kinaongea. Na logdramu haikai kwenye noti moja, si ndiyo? Inateleza. Inashuka, inapanda, inakohoa. Kila noti inayoteleza inakutana na chumba chako kwa namna yake: moja inanguruma, inayofuata inapotea, ya tatu inarudi. Utakaa saa nne unarekebisha logdramu ambayo haikuwa na kosa.

Najua mtu atasema trei za mayai. Trei za mayai ukutani zinapunguza kidogo zile sauti kali za juu na kukufanya uamini umefanya kazi. Wimbi la mita 6.9 halijui kama trei zipo. Sponji ya sentimita tano vilevile. Kuizuia besi ya namna hiyo kunahitaji vitu vinene na vizito kwenye kona, na nafasi ambayo kwenye chumba cha kupanga huna. Anayekuuzia spika hakwambii kwamba nusu ya bei ya spika ni chumba.

Halafu kuna jirani. Besi ndiyo sauti inayopita ukuta kirahisi kuliko zote. Jirani hasikii wimbo wako, anasikia mdundo peke yake, uleule, mara mia mbili, saa tano usiku. Wengi wetu tunamiksi usiku kwa sababu mchana kuna kazi, kuna chuo, kuna wadogo zako wanalala chumba hichohicho. Kwenye jengo ambalo nusu ya wapangaji ni wageni na karatasi zao zinasubiri majibu, hakuna mtu anayetaka sababu ya mlinzi kugonga mlango.

Na umeme. Miaka ya mgao, hasa 2023 ambao ulikuwa mbaya kuliko yote, ilitufundisha kitu bila sisi kuomba. Spika za studio zinakula umeme wa ukutani. Umeme ukikatika zinakuwa mapambo. Laptopu yenye chaji na hedifoni ya waya zinaendelea. Mgao ulisimama Machi 2024, ukachungulia tena mwishoni mwa Januari 2025, na hata sa hivi nikisikia friji limenyamaza ghafla mkono wangu unaenda kwenye kubonyeza "hifadhi" kabla ya akili. Kuna nyimbo nyingi za mji huu zilizomaliziwa gizani, na sidhani kuna anayeweza kuzitofautisha na nyingine.

Kwa hiyo hedifoni imeondoa chumba, imeondoa jirani, imeondoa mgao. Inakupa besi ambayo ukuta haujaigusa. Si jambo la maskini tu pia. Andrew Scheps, injinia aliyefanya kazi kwenye rekodi za Red Hot Chili Peppers na Adele, amesema hadharani mara nyingi kwamba anamiksi kwenye Sony MDR-7506, hedifoni ya waya ambayo Sony waliitoa 1991 na ambayo haijawahi kuwa kitu cha kifahari. Alikuwa na studio kubwa yenye meza kubwa. Siri yake haiko kwenye hedifoni yenyewe, iko kwenye miaka aliyokaa nayo. Anajua inaposema nini ina maana gani.

Mfano wa zamani wa jambo hilohilo ni Yamaha NS-10, ile spika ndogo yenye koni nyeupe unayoiona kwenye kila picha ya studio ya miaka ya themanini. Ilitoka 1978 kama spika ya sebuleni, besi haina, inakera masikio. Mainjinia wakaizoea kiasi kwamba ikawa kwenye studio dunia nzima mpaka Yamaha walipoacha kuitengeneza 2001. Kifaa unachokijua kasoro zake kinakusaidia kuliko kizuri ulichokutana nacho jana.

Sasa uongo.

Unaposikiliza spika mbili, sikio la kushoto linasikia pia spika ya kulia, kwa kuchelewa kidogo sana na kwa sauti iliyofifia kidogo, kwa sababu kichwa chako kiko njiani. Ubongo umezoea hivyo tangu uzaliwe, kila sauti duniani inafika masikio yote mawili. Hedifoni inakata hilo. Kushoto ni kushoto tu, kulia ni kulia tu, na kilicho katikati kinakaa ndani ya fuvu lako. Mhandisi Benjamin Bauer aliliandikia tatizo hili 1961, na leo kuna plagini, nyingine za bure, zinazochanganya kidogo kushoto na kulia ili uhisi kama spika. Zijaribu, lakini usimiksi wimbo mzima juu yake kisha ukasahau kuizima wakati wa kutoa faili.

Hili linawagusa zaidi wale mnaotengeneza nyimbo za magitaa, na najua mpo, maana nusu ya wasikilizaji wetu mmekulia kwenye kwaya za Wakongomani. Chukua sebene. Una gitaa la kusindikiza, una mi-solo, una solo. Kwenye hedifoni unapeleka la kusindikiza kushoto kabisa, solo kulia kabisa, mi-solo katikati, na ghafla kila kidole kinasikika, ni raha tupu. Unasema nimemaliza. Kisha mjomba anaipiga kwenye kile kispika cha Bluetooth chenye tundu moja. Kushoto, kulia na katikati vinaanguka juu ya kila mmoja. Magitaa matatu yanapigania chumba kimoja, na unachosikia ni mchakacho wa mabati.

Wazee walilijua hili bila kulijua. Rekodi za Ngoma na Loningisa, zile lebo za Léopoldville za miaka ya 1950, zilikuwa mono. Hakukuwa na kushoto wala kulia pa kukimbilia. Kama magitaa mawili yalitaka kusikika yote, moja lilipiga chini na lingine likapanda juu ya shingo ya gitaa, na kila mmoja alijua wakati wa kunyamaza. Mpangilio ule unasimama hata kwenye simu. Kwa hiyo kabla hujapeleka kitu chochote kushoto au kulia, bonyeza kitufe cha mono na umiksi hivyo kwa nusu saa. Ikiwa magitaa hayaelewani kwenye mono, tatizo liko kwa wapigaji, ama kwa ikwalaiza, halitatibiwa kwa kuyatenganisha. Ukishapata mizani, fungua stereo. Utashangaa jinsi unavyohitaji kidogo.

Na angalieni zile plagini za kupanua sauti ziwe pana kama uwanja wa FNB. Nyingi zinafanya kazi kwa kuchelewesha upande mmoja au kugeuza wimbi. Kwenye hedifoni ni peponi. Kwenye mono pande mbili zinafutana na sauti ya mwimbaji inabaki mfupa. Klabu nyingi zinapiga mono. Simu nyingi, kivitendo, mono. Kispika cha jikoni, mono. Teksi, ile Quantum inayotoka Bree kwenda kokote, utakaa nyuma kushoto karibu na spika moja na hutasikia nyingine mpaka ushuke.

Haya, tufike kwenye Kiswahili.

Hedifoni inaiweka sauti ya mwimbaji sentimita mbili kutoka kwenye sikio lako, hakuna chumba, hakuna kelele ya barabara. Kila pumzi inasikika. Kwa hiyo unaridhika na sauti ikiwa chini kuliko inavyotakiwa, maana wewe unaisikia vizuri. Isitoshe wewe ndiye uliyeandika maneno. Ubongo wako unajaza kila kilichokosekana, hata hujui kwamba unajaza.

Sasa angalia lugha yetu ilivyojengwa. Kwa Kiingereza, anayekosa silabi ya kwanza mara nyingi anaweza kuotea. Kwa Kiswahili mwanzo wa neno ndio umebeba kila kitu: nani, lini, ndiyo au hapana. Ni-, u-, a-, tu-. Nakupenda, anakupenda, wanakupenda: mapenzi yaleyale, ila ukikosa silabi moja hujui ugomvi ni wa nani. Mpenzi na penzi vinatofautiana kwa m moja, na m ni sauti ya pua, haina makali, iko chini kule ambako kiki na logdramu wamejazana. Na ile hatari kuliko zote ni h. Atarudi. Hatarudi. Tofauti kati ya matumaini na msiba ni pumzi moja, haina hata noti, ni hewa tu inayopita kooni. (Watu wetu wa Bukavu na Lubumbashi, wengine h tunaimeza hata bila logdramu. Najua. Hiyo ni mada ya kipindi kizima.)

Sisemi hili kwa nadharia. Kuna kijana anayetusikiliza, ameniruhusu kueleza ila si jina lake, alimtungia marehemu baba yake wimbo. Baba alizikwa Kivu, kijana hakuweza kusafiri kwa sababu ya karatasi, na matanga yalifanyika hapa Joburg kwenye ukumbi wa kanisa. Aliandika kwa Kiswahili sanifu, kwa makusudi, ili ndugu wa pande zote waelewe. Kiitikio kizima kilisimama kwenye neno hatarudi. Alimiksi wiki nzima kwenye hedifoni, usiku, kwa upole mkubwa. Nimeisikia ile faili na kwenye hedifoni ni nzuri sana. Ukumbini wakaipiga kwenye spika mbili kubwa za kanisa, sakafu ya vigae, dari ya juu, watu mia hivi wanaongea polepole. Mwangwi wa ukumbi ukala h. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, akamshika mkono katikati ya wimbo akamuuliza: "Mwanangu, unasema atarudi? Nani amekwambia?"

Alilazimika kumjibu palepale, mbele ya watu.

Marekebisho yalikuwa madogo, hilo ndilo linalouma. Sauti yake ilipanda desibeli mbili. Mwangwi wa plagini ulipungua, kwa sababu ukumbi unao wake. Kompresa ililegezwa mwanzoni mwa maneno ili pumzi ipite. Na pedi ya sinema iliyokuwa inapiga chini ya kiitikio ilikatwa kidogo kule juu, kati ya hezi 2,000 na 5,000, mahali konsonanti zinapoishi. Pia alirudia kurekodi mstari mmoja akiisukuma h kama mtu anayepuliza kioo. Hakuna kati ya hayo ambacho spika za bei mbaya zingemwonyesha chumbani kwake. Kilichokuwa kinahitajika ni sikio la mtu asiyejua maneno.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na hakina gharama. Mtafute mtu anayejua Kiswahili kuliko wewe na hajausikia wimbo. Mama, mamdogo, tantine, mlinzi wa jengo kama anatoka Tanga au Goma. Mpe simu, si hedifoni. Iwe jikoni, maji yanachemka. Mwambie aandike kiitikio anavyokisikia, au akuimbie. Usimsaidie. Usimwambie wimbo unahusu nini. Akiandika neno tofauti na lako, usibishane naye, rudi kwenye miksi. Wazazi wetu wengi hawajui kompresa ni nini lakini hakuna kifaa cha kupimia kiambishi awali kinachowazidi.

Ukitaka wimbo wa kulinganisha nao, nakushauri kitu cha zamani kuliko wazazi wako. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, akipiga gitaa kavu na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Wimbo unaitwa "Masanga". Ni mono. Gitaa moja, mtu mmoja. Tracey huyohuyo miaka miwili baadaye alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, magharibi tu ya hapa tulipo, kabla haijahamia Grahamstown mwaka 1978. Yaani Kiswahili cha Katanga kilifika Johannesburg kwenye santuri kabla baba zetu hawajafika kwa basi. Usikilize kwenye simu, kwenye teksi, kwenye hedifoni, kokote. Sikiliza gitaa na koo zilivyogawana nafasi bila kitufe chochote. Kisha cheza wa kwako palepale, kwa sauti ileile. Huo ulinganisho unauma lakini unafundisha haraka.

Uongo mwingine wa hedifoni ni wa mwili. Spika ya klabu inasukuma hewa, besi inaingia tumboni na miguuni. Hedifoni inaingia sikioni tu. Inaweza kuipiga hezi 40 vizuri kabisa, lakini kifua hakijaguswa, na kifua kikikosa unaongeza. Matokeo yake gari la binamu yako lenye sabufa linatetemeka mpaka namba ya gari inalia. Upande wa pili, simu haina hezi 50 kabisa, spika yake ndogo haiwezi. Ila sikio lina ujanja: ukiipa hezi 100, 150, 200 na 250 pamoja, linajitungia lile 50 lenyewe. Ndiyo maana logdramu inahitaji uchafu kidogo juu yake. Nyingi zilizaliwa kwenye DX10, plagini ya FL Studio, na sauti yake ya chuma-mti tayari ina huo uchafu. Ukiichuja ikawa safi mno, kwenye simu inapotea. Iache ikwaruze.

Kitu ambacho video za mafunzo hazisemi, kwa sababu wanaozitengeneza hawana nywele zetu: hedifoni inatoa besi kwa kuziba. Sponji ikikaa sawasawa kuzunguka sikio, besi ipo. Pakiwa na upenyo, besi inatoroka. Misuko minene, rasta, hijabu chini ya hedifoni, fremu za miwani, vyote vinafungua upenyo. Mdada mmoja kwenye timu yetu akisuka, miksi zake zinakuja na besi nyingi. Akifumua, zinarudi sawa. Tulidhani ni hisia zake mpaka tukabonyeza sponji kwa mikono huku wimbo unapiga. Fanya hivyo sasa hivi: bonyeza taratibu, pande zote mbili. Besi ikiongezeka sana, hedifoni yako haijaziba. Sogeza misuko nyuma ya sikio, vua miwani kwa dakika tano za uamuzi wa besi, weka hijabu ya kitambaa chembamba kisicho na mikunjo. Sponji zikichakaa na kupasuka nazo zinavuja hivyohivyo, na zinauzwa peke yake, huhitaji hedifoni mpya.

Kununua, kwa kifupi. Ya waya, tafadhali. Za Bluetooth zinachelewa, na nyingi zinajipaka besi zenyewe bila kukuuliza. Zilizofungwa nyuma zinafaa kwa fleti yenye kelele na kwa kurekodi, maana hazivujishi biti kwenye kipaza sauti. Zilizo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600, zinasikika kwa upana zaidi lakini anayelala kitanda cha pili atasikia kila kitu, na wewe utasikia barabara nzima. MDR-7506, Audio-Technica ATH-M50x, Beyerdynamic DT 770 Pro, yoyote kati ya hizo inatosha kwa miaka. Ya Beyerdynamic inauzwa kwa omu 32, 80 na 250. Kama unachomeka moja kwa moja kwenye laptopu usichukue ya 250, itakuwa na sauti ya chini na utadhani imeharibika. Feki zipo, nyingi, kwa hiyo bei ikikufurahisha sana kagua mara mbili. Kisha kaa nayo. Sikiliza nayo kila kitu, taarabu ya bibi, gospeli ya Jumapili, Kabza De Small, podikasti yetu. Miezi miwili ya kusikiliza kwanza ina thamani kuliko plagini yoyote.

Na sauti yenyewe, jamani. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa namna tunavyosikiliza. Kipimo chao kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukipandisha desibeli 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Mtu anayemiksi usiku tatu kwenye 92 amemaliza wiki yake kabla ya Jumatano. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio linaisikia besi pungufu, na ikipanda besi inajaa. Ndiyo maana kila miksi ni tamu kwa sauti kubwa. Kwa hiyo fanya maamuzi chini, kiwango ambacho ukiongea kawaida unajisikia, panda kwa dakika moja kuangalia besi, shuka. Kila baada ya dakika arobaini hivi vua, kanywe maji. Ukisikia mlio masikioni usipotea mpaka asubuhi, usisubiri wimbo umalizike, nenda kapimwe. Nina rafiki wa miaka 26 ambaye hasikii tena sauti za juu upande mmoja, na sasa kila miksi yake lazima mtu mwingine amwambie kama "s" zinachoma.

Spika zitakuja. Ukipata chumba chenye mlango wako mwenyewe na ukuta usiomgusa mtu, tutaongea.

Kwa sasa tufanye hivi. Kipindi kijacho tutakuwa na dakika ishirini za nyimbo zenu. Tuma sekunde thelathini za kiitikio, mono, mp3 ya kawaida. Usitume maneno. Mama yangu mdogo atakuwepo studio, yeye na simu yake na sufuria, na atasoma hewani alichokisikia.